Alama Nilizochora Mwenyewe

Kazi yangu ni kukata suti. Sishoni, nakata. Katika duka ninalofanyia kazi, Mchafukoge, karibu kabisa na pale mitaa ya Kariakoo inapoanza, washonaji hupokea kwangu vipande vilivyochorwa chaki na kukatwa, na wakifuata mistari yangu koti linatoka. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Nalieleza hili mwanzoni kwa sababu bila hilo mtu hataelewa kwa nini, Jumapili moja saa tisa mchana, nilichukua maka peni na kuchora juu ya kifua cha mke wangu mistari ambayo haikuwa yangu kuchora.

Mke wangu alikuwa ameondolewa titi la kushoto. Kidonda kilipopona alimaliza dawa za kuchomwa kwenye mshipa, kisha tukaambiwa imebaki mionzi, siku tano kila wiki, kwa wiki kadhaa. Upasuaji niliuelewa, kwa kuwa kukata nakujua. Dawa nilizielewa kwa kiasi, kwa sababu niliona chupa, mrija na matone. Mionzi sikuielewa. Nilitafuta kitabu cha zamani cha wanafunzi wa uuguzi kwenye meza za vitabu vya mitumba, nikakisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa. Nilichokipata ni hiki: mionzi haionekani, haina harufu, mgonjwa haisikii inapoingia, na inaua chembe hai zilizo mbele yake bila kuchagua. Kinachozilinda sehemu za mwili zisizo na ugonjwa ni kulenga tu. Nilifunga kitabu. Moyo wa binadamu uko kushoto.

Siku ya kupangiwa mionzi walimlaza kwenye meza ya mashine ya picha, mkono wa kushoto ameuinua juu ya kichwa, umeshikiliwa na kitu kama kikombe cha plastiki ili usitikisike. Wakamchora kwa wino wa zambarau. Alitoka na alama nne ndogo za msalaba: moja katikati ya kifua, moja chini ya mfupa wa bega, moja chini ya kovu, na ya nne ubavuni, chini ya kwapa. Mimi wakati huo nilikuwa dirishani nafuatilia faili, kwa hiyo maelekezo aliyapokea peke yake. Alinirudia nayo kama alivyoambiwa: hapa pasiguse maji, pasiguse sabuni, hizi ndizo ramani yetu.

Tulipofika nyumbani nilimsimamisha karibu na dirisha nikachukua futi.

"Fundi, unanipimia suti?" Huniita hivyo anapotaka kunicheka.

"Simama wima."

"Ya harusi au ya mazishi?"

Nilipima umbali wa kila alama, mikono yake ikiwa chini, kutoka kishimo cha koo na kutoka kitovuni, nikaandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja, kwenye ukurasa wake peke yake. Sikuwa na sababu ya maana. Kitu kilichopimwa na kuandikwa hunipunguzia woga, basi.

Kwa kuwa nashinda dukani, dada yake mkubwa alikuja kutoka Lindi kumsaidia kupika na kuoga. Nikawaachia chumba, nikahamia sebuleni. Shemeji yangu huyu ni mwanamke wa mikono. Kwao ndiye anayeitwa kuwasinga maharusi, kuwasugua unga wa liwa na manukato mwili mzima hadi ngozi iwake. Alipofika alimtazama mdogo wake, akageukia ukuta kwa muda, kisha akauliza jiko liko wapi.

Wiki mbili za mwanzo zilipita bila tatizo. Kila asubuhi bajaji ilituchukua, tukapita Upanga, tukafika hospitali, tukasubiri kwenye benchi. Jina likiitwa, mke wangu anaingia, mlango mzito unafungwa, taa nyekundu inawaka juu yake. Wahudumu wote hutoka kabla mashine haijaanza. Hilo halikuacha kunitisha. Watu wanaoijua mashine wanatoka, na mke wangu anabaki nayo.

Wiki ya tatu alianza kukosa usingizi. Ngozi ya kifua ilikuwa imekuwa nyeusi na kuwasha, na yeye, mtu aliyependa kunukia tangu nimfahamu, alikuwa hajaoga sehemu ile kwa sabuni siku zote hizo. Jumamosi akamwambia dada yake, "Nanuka hospitali. Hata khanga zangu zinanuka hospitali."

Jumapili tunafungua duka nusu siku. Niliporudi, harufu ilinipokea tangu mlangoni: liwa, karafuu, waridi. Chumbani mke wangu alikuwa amelala chali, mdomo wazi kidogo, anakoroma taratibu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi kusikia mtu akikoroma. Shemeji alikuwa ameketi kwenye mkeka anajifuta mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Ndipo nikaona kitambaa mkononi mwake. Kilikuwa na madoa ya zambarau.

"Shemeji, hii nini?"

"Singo hiyo. Mwache alale, kalala tangu adhuhuri."

"Kifuani umepita?"

"Nimepita kwa upole, mafuta ya nazi matupu. Maji sijagusa, shemeji. Tone moja la maji sijagusa, wala sabuni. Si ndivyo walivyosema?"

Nilifunua khanga taratibu. Alama ya katikati ilibaki kama kivuli. Ya chini ya kovu ilibaki nusu mstari. Mbili nyingine hazikuwepo. Ngozi ilikuwa safi, inang'aa mafuta.

Ndivyo walivyosema. Kila neno la maelekezo alilifuata. Lakini wakati ule sikuyafikiria maelekezo. Nilisema kwa sauti ambayo siipendi hata kuikumbuka, "Umefuta ramani. Unajua kesho mionzi itapiga wapi? Itapiga moyo. Utakuwa umemuua mdogo wako kwa manukato."

Alishika kichwa kwa mikono miwili, akabaki hivyo, hakulia.

Mke wangu aliamka kwa sauti yangu. Tulipomweleza, alijitazama kifuani, akajigusa pale palipokuwa na alama, kisha akaniangalia mimi, si dada yake. Alikuwa na woga wake mwingine. Kwenye benchi kulikuwa na maneno kwamba ukikutwa na kosa unatolewa kwenye foleni na kuanza upya, na wanaosubiri mashine ile ni wengi. Hatukumjua hata mmoja aliyetolewa. Tulilisikia tu, na kwenye benchi lile lililosikika lilikuwa na nguvu kuliko lililoandikwa.

"Wataniondoa," alisema.

"Hatujui."

"Wataniondoa, na kile kitu kitarudi wakati nasubiri. Wewe si unavyo vipimo?"

Nilikuwa navyo. Tangu nilipofunua khanga nilikuwa navifikiria. Nilifuta mafuta kwa kitambaa kikavu, nikamsimamisha karibu na dirisha, nikafungua daftari. Alama mbili zenye mabaki nilizifuatisha. Mbili zilizopotea nilizipata kwa futi, kutoka kishimo cha koo na kutoka kitovuni, nikapima mara mbili kama nifanyavyo kabla ya kugusa kitambaa cha bei; kwa ile ya ubavuni nilimwambia anyanyue mkono, kalamu ifike. Mkono wangu haukutetemeka. Zilitoka misalaba myembamba, iliyonyooka. Nilichora vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Jumatatu asubuhi mtaalamu wa mionzi, msichana mwenye mtandio mweupe aliyemzoea mke wangu, alimpokea mlangoni.

"Mama, leo alama zinawaka kama za jana!"

"Nazitunza, mwanangu."

Wakacheka. Mimi nilitazama sakafu. Taa nyekundu iliwaka na kuzimika. Kwenye bajaji mke wangu alisema walimchelewesha kidogo mezani. Walimsogeza huku, wakamsogeza kule, wakaangalia ile mistari ya mwanga inayotoka ukutani, wanayolengea, kisha mmoja akasema poa, tuendelee. Aliisema kama habari ya kawaida. Niliiweka akilini bila kujua naiweka ya nini.

Mchana ule alikuja bwana harusi kujaribu koti. Lilikuwa bado limeshikizwa kwa uzi mrefu tu, mwilini mwake, na mimi nilikuwa natia alama za chaki juu yake, nione kama ubavu umekaa. Nilitia nukta ubavuni, chini ya kwapa.

"Fundi, nikinyanyua mkono linabana."

"Nyanyua nione."

Alinyanyua. Nukta yangu ilipanda. Ilitoka pale nilipoiweka, ikaenda juu na kurudi nyuma, upana wa vidole viwili.

"Shusha."

Ikarudi.

"Nyanyua tena."

"Fundi, naoa Jumamosi, siendi jeshini!"

Washonaji walicheka. Mimi sikuweza. Jambo hili nalijua tangu nilipoanza kazi. Kila mkataji analijua, ndiyo maana kwapa huachiwa nafasi. Mwili ukinyanyua mkono unakuwa mwili mwingine. Wao walimchora mke wangu amelala, mkono juu ya kichwa. Mimi nilimpima amesimama, mkono chini, nikamchora amesimama, mkono ameunyanyua. Vipimo vyangu vya siku ile ya kwanza vilikuwa sahihi kwa mwanamke aliyesimama dirishani, mkono chini. Chini ya mashine mwanamke huyo hakuwepo.

Mwenye duka, mama wa Kihindi ambaye amenijua tangu nikifagia pale, alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta. Alisema, "Fundi, chaki imeanguka." Niliinama kuiokota nikashindwa kuiona. Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Kesho shinda na mkeo hospitali. Hapa kazi haikimbii."

Jioni ile sikumwambia mke wangu. Asubuhi, kabla ya bajaji, nilimwomba asimame nipime alama ya ubavuni. Kisha nikamwambia alale kitandani, ainue mkono kama anavyoinua kule, nikapima tena. Alinitazama nikiandika tarakimu mbili ambazo hazikulingana.

"Fundi, sema."

Nilisema. Alikaa kitako, akajifunika.

"Wakinifukuza?"

"Sijui."

"Na tukinyamaza?"

"Watapiga pale pale nilipochora. Leo, na kesho, na keshokutwa."

Alivaa. Shemeji alikuwa jikoni, amegeuza mgongo. Tangu Jumapili alikuwa hamgusi mdogo wake. Alimwandalia maji, akamwekea kitambaa, akatoka nje.

Mlangoni kwa mionzi msichana alinisalimia kama kawaida. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nina neno kabla hujamwingiza."

Nilimweleza kwa mpangilio: mafuta, siku, saa, alama zipi zilibaki na zipi zilipotea, jinsi nilivyopima. Nilimwonyesha daftari. Tabasamu lake liliisha nikiwa bado naendelea. Aliuliza swali moja tu.

"Na jana ndio tukampiga hivyo?"

"Ndiyo."

Alimwita mwenzake, mwanamume mtu mzima, wakaongea pembeni. Aliporudi hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema, "Baba, alama zinafutika kila siku. Jasho linafuta, nguo zinafuta. Mngekuja Jumatatu mkasema zimefutika, tungemlaza, tungechora upya kutokana na picha zake zilizomo kwenye kompyuta. Hakuna anayefukuzwa. Alama iliyofutika haina hatari kwetu, tunaiona kwamba haipo. Hatari ni alama iliyopo ambayo sisi hatukuichora."

Mke wangu alisimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake ikitoka.

Hawakumpa mionzi siku ile, wala Jumatano. Alirudishwa kwenye mashine ya picha, akachorwa upya, na Alhamisi daktari akatuita. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, anaongea polepole. Aligeuza kioo cha kompyuta kituelekee: kifua cha mke wangu kimekatwa vipande kama mkate, rangi ya majivu, na mistari ya rangi imepita juu yake. Alama tatu, alisema, tofauti yake haikuwa ya kutisha. Ya ubavuni ilihama kiasi cha upana wa kidole.

Mke wangu aliuliza nilichokuwa nashindwa kukiuliza. "Ile ya Jumatatu, daktari, iliingia wapi?"

"Ukingo wa pafu ulipata zaidi kidogo ya tulivyopanga. Hapa. Na upande huu wa kwapa, siku hiyo ulipata pungufu. Upungufu tutaufidia."

"Na pafu?"

"Ni siku moja. Sitegemei tatizo. Lakini siwezi kukuambia kwamba si kitu. Tutaliangalia."

"Moyo?" nilisema mimi.

"Moyo, kwa ninavyoona hapa, hapana."

Nilimwomba arudie, akarudia.

Chumbani mle alikuwepo pia muuguzi anayeshughulika na familia za wagonjwa. Muda wote alikuwa anaandika. Alipofunga kalamu yake aliuliza, "Nyumbani nani anamwogesha?"

"Dada yangu," alisema mke wangu.

"Aliwahi kuja hapa?"

Hakuwahi. Maelekezo yalipewa mgonjwa, mgonjwa akanipa mimi, mimi nikampa shemeji kwa maneno mawili nikiwa nimesimama mlangoni kwenda kazini: maji hapana, sabuni hapana. Katika yote niliyoyasoma na kuyapima, sikuwahi kujiuliza ni mikono ya nani inayogusa ngozi ile kila siku.

"Kesho mje naye," alisema muuguzi.

Nyumbani nilimkuta shemeji amekunja nguo zake, mfuko umefungwa kamba. Alisema basi la Lindi linatoka alfajiri na yeye hawezi kukaa kumtazama mdogo wake akifa kwa mikono yake.

"Shemeji, kaa."

"Usinipoze, shemeji. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema uongo. Mafuta yako yalifuta wino, basi. Wangechora upya asubuhi moja na isingekuwa kitu. Aliyempotosha ni mimi. Nilichora mahali pasipo pake. Wewe ulimpa usingizi, mimi nikampa alama za uongo."

Alinitazama muda mrefu, kama anayepima kama nasema kweli au namhurumia.

"Uliwaambia hivyo huko?"

"Niliwaambia hivyo."

"Mimi hujanitaja?"

"Nimetaja mafuta. Jina la aliyepaka hawakuuliza."

Hakunisamehe, wala sikumwomba. Alifungua ile kamba.

Ijumaa tulikwenda watatu. Muuguzi alimketisha shemeji karibu naye kwenye benchi, akaanza maelekezo, lakini baada ya muda mfupi aliyekuwa akiuliza ni shemeji. Na jasho je? Mdogo wangu anatoka jasho sana, na joto hili la Dar. Mpapase kwa kitambaa laini, mama, muuguzi akajibu, usisugue. Na usiku akijikuna? Na sidiria? Na unga wa liwa mkavu, bila mafuta? Muuguzi akacheka, "Wewe mama na liwa yako! Mgongoni na miguuni singa unavyotaka, kifua niachie mimi mpaka tumalize." Shemeji naye akacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Msichana wa mionzi akaleta plasta angavu, inayoonyesha ndani, akafunika kila alama, akamwonyesha shemeji jinsi ya kukagua pembe zake kila jioni, na akanitazama mimi: "Baba, wewe kazi yako ni kutupigia simu tu. Kalamu hapana."

Kisha mlango ukafungwa, taa ikawaka. Shemeji alikuwa hajawahi kuiona ile taa. Alinishika mkono wa shati, akauliza mbona wote wametoka na mdogo wake kaachwa peke yake mle. Nikamweleza nilichosoma kitabuni, na nilipokuwa naeleza nilijua simtulizi. Tukaitazama hadi ikazimika.

Mionzi iliisha. Ngozi ilichubuka, ikapona. Shemeji alirudi Lindi. Miezi michache baadaye mke wangu akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kidogo, cha asubuhi. Kwa mtu mwingine kingekuwa vumbi la Kariakoo. Mimi nilijua ukingo ule wa pafu ulipo. Ningeweza kuugusa kwa kidole. Nilianza kusikiliza. Nikiwa natengeneza chai nilisikiliza, akipanda ngazi nilisikiliza, akiongea na jirani nilisikiliza katikati ya maneno. Sikumwambia ninachohofia na yeye hakuuliza, lakini alianza kukohoa akiwa ameelekea dirishani, na nikaelewa kwamba anajua. Baada ya wiki mbili nilisema twende, akasema alikuwa anasubiri niseme.

Walimpiga picha. Tulisubiri kwenye benchi jingine, la korido nyingine. Daktari yule yule aliiweka picha mbele yetu. Alionyesha kivuli chembamba ukingoni, kama doa la pasi. Alisema mionzi huacha alama hiyo kwa wagonjwa wengi, hata waliopigwa mahali hasa panapotakiwa. Hakuona uvimbe, hakuona maji.

"Ni kwa sababu ya siku ile?" niliuliza.

"Siwezi kujua. Hata ingekuwa sahihi siku zote, pengine kingekuwepo."

"Pengine."

"Ndiyo, pengine. Rudini baada ya miezi mitatu, tupige tena."

Nje, bajaji zilikuwa zinatuita. Mke wangu alisema anataka kutembea kidogo, Upanga kuna vivuli. Alitangulia. Nilikwenda nyuma yake hatua mbili, na kwenye kona ya pili alikohoa mara moja, akaendelea. Kisha akasimama bila kugeuka.

"Unanisikiliza."

"Ndiyo."

"Utanisikiliza miezi yote mitatu?"

"Sijui namna ya kuacha."

Alinisubiri nikamfikia, akanishika mkono kuvuka barabara.

"Basi sikiliza huku unatembea," alisema. "Jua linapanda."